Eti nanoa ubongo

Juzi usiku nipo kitandani, taa nimezima, nimeshika simu nacheza Tetris, ile gemu ya vitofali vinavyodondoka, najiambia hii ndo ya mwisho nalala. Hiyo ya mwisho imekuja kama mara kumi na tano hivi. Mke wangu akageuka, "we baba nanii, hulali?" Nikamwambia nanoa ubongo. Akanyamaza kidogo afu akasema, "kisu gani hicho kila siku kinanolewa na hakijawahi kukata hata kamba," akavuta shuka akalala zake. Nikaweka simu pembeni, kufumba macho tu vitofali hivyo vinashuka vyenyewe! Kile kirefu kinakuja taratibu kinatafuta tundu lake kule kulia, na mimi nakizungusha bila hata kidole.

Kumbe hii kitu ilishafanyiwa utafiti kitambo. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake walichukua watu 27 wakawachezesha Tetris siku tatu, afu wakawa wanawauliza wanaona nini pale usingizi unapoanza kuwachukua, na 17 wakasema wanaona vitofali vinadondoka. Sasa kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba watano kati ya hao 27 walikuwa watu waliopoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya, yaani leo anacheza kesho hakumbuki kama amewahi kuiona hiyo gemu, ila hata baadhi yao wakaona maumbo yanashuka na hawajui yametoka wapi. Hebu fikiria, mwenyewe umesahau lakini kichwa bado kinacheza.

Kwa hiyo wale wanaosema gemu haiingizi kitu kichwani mimi siwaelewi. Inaingiza sana tu. Ubongo unajifunza tena kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwenye hesabu shuleni. Shida ni unajifunza nini, na jibu ni kwamba unajifunza vitofali. Basi.

Chukua sataranji, ambayo wengi tunaamini ukiicheza unakuwa na akili ya kila kitu. William Chase na Herbert Simon mwaka 1973 walimwonyesha bingwa ubao wenye mchezo halisi kwa sekunde tano tu, wakauondoa, akarudisha kete nyingi mahali pake, wakati anayejifunza anakumbuka kete chache tu. Wakazitawanya kete hovyo bila mpangilio wa mchezo wowote, na bingwa wetu akawa kama mimi na wewe. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko yetu, alichokuwa nacho ni sataranji nyingi kichwani.

Na zile programu za simu za "mazoezi ya ubongo" ndo usiniambie kabisa. Adrian Owen mwaka 2010 alitoa utafiti wa watu zaidi ya 11,000 waliofanya mazoezi hayo wiki sita, wakawa wakali kwenye mazoezi yenyewe, ukiwapa jaribio jingine hakuna walichoongeza cha maana. Mwaka 2016 wenye Lumosity, moja ya programu hizo, wakakubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani baada ya kushtakiwa kwamba matangazo yao yanadanganya watu. Na mimi utetezi wangu kitandani ulikuwa huohuo wa Lumosity, ila mimi hakuna aliyenitoza.

Lakini kuna mahali gemu inakubeba kweli. Utafiti wa 2007 kwa madaktari wa upasuaji 33 ulikuta wale waliowahi kuwa wanacheza gemu za video zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi ya upasuaji wa vitundu vidogo, ule ambao mikono iko huku na macho yapo kwenye skrini. Yawezekana mwenye mikono myepesi ndo anapenda gemu tangu mwanzo, sawa, ila ukiangalia kazi yenyewe ilivyo, si ni gemu ile? Afu kuna Shawn Green na Daphne Bavelier, 2003, walichukua watu wasiocheza wakawapa gemu ya kivita saa moja kila siku kwa siku kumi, macho yao yakawa mepesi kunasa vitu vingi kwa mpigo. Kundi la pili, lile la kulinganishia, halikupata hiyo faida. Unajua hilo kundi lilipewa gemu gani lichezee? Tetris. Nilicheka mwenyewe kama chizi.

Upande wa kupoteza muda mimi Tetris siilaumu sana, kwa sababu vitofali vikifika juu umekufa, imeisha. Zinazonitia wasiwasi ni zile zisizo na mwisho, usipoingia leo unapoteza zawadi ya siku saba mfululizo, nguvu zimeisha subiri nusu saa au ulipie, ukilala inakutumia ujumbe kwamba jeshi lako linakungoja. Moja ya hizo niliifuta baada ya kujikuta naweka alamu ya usiku nikavune mazao ya kwenye simu. Mazao ya kwenye simu jamani! Shirika la Afya Duniani sasa hivi linautambua uraibu wa gemu kama ugonjwa, japo mpaka uitwe hivyo kwa kawaida inabidi mambo yawe yameharibika kwa muda wa mwaka mzima, sio usiku mmoja wa ubishi na mke.

Jana nimetoka kuoga nakuta simu yangu anayo yeye, kakunja uso, kidole kinakimbia. Nikamuuliza, vipi, na wewe unanoa?

"Nacheza," akasema. "Usinisemeshe, kile kirefu kitanipita."