Bibi akaniuliza, hii pesa ya nani?

Ramadhani ya 2014 nilikuwa Pangani kwa bibi, mzaa mama, chuo kimefungwa na sina cha kufanya zaidi ya kumchotea maji na kumsomea meseji za watoto wake. Siku moja alasiri akaniambia nimtolee kasha chini ya kitanda, anatafuta kanga fulani, na kule chini kabisa chini ya kanzu ya marehemu babu nikakuta kitambaa cheusi kimefungwa fundo, kizito. Nikamuuliza bibi hiki nini, akasema "fungua tu, ni pesa za mama yangu."

Zilikuwa 11. Tatu pesa za mizani za Sultani Barghash wa Zanzibar, zile za shaba zenye mchoro wa mizani na mwaka 1299 wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu, yaani 1882 ukihesabu Kizungu. Mbili za Kijerumani, tano heller ndogondogo, na moja senti kumi ya tundu ya Mwingereza. Mi nilikaa pale chini kwenye sakafu nikawa nazigeuza tu. Hela nimeitamka tangu naanza kuongea lakini sikuwahi kuwaza kwamba kuna kitu unaweza kukiweka kiganjani ukasema hii ndiyo hela yenyewe, ile ile Mjerumani aliyoileta 1904 alipoacha pesa 64 kwa rupia akaweka heller 100.

Sasa zilikuwa nyeusi, zina matope yaliyokauka, nyingine huoni maandishi. Nikawaza, Idi inakuja, nimsafishie bibi moja nimfurahishe. Na kusafisha shaba nani wa kunifundisha, nimekua naona birika la kahawa na sinia vikisuguliwa kila mwisho wa Ramadhani, ndimu na chumvi, ikigoma unaongeza jivu, basi. Nikachukua moja ya mizani, nikakata ndimu, nikatia chumvi, nikasugua na jivu la kuni kule uani. Dakika tano haikufika, ule weusi wote ukatoka ikabaki nyekundu-pinki kama waya wa umeme uliochunwa sasa hivi. Nikafurahi kweli. Nikataka kuendelea na nyingine ila adhana ya magharibi ikanikuta, nikaacha nikaenda kufuturu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa adhana ile.

Siku ya Idi, wageni wamejaa barazani, nikamwekea bibi mkononi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, vitu vingi alivijua kwa vidole. Akaishika, akapitisha kidole gumba, akaigeuza, akapitisha tena.

"Hii pesa ya nani mwanangu?"

"Yako bibi, ile ya mizani, nimekusafishia."

"Mbona mizani haina?"

Nikaichukua nikaiangalia vizuri juani. Mizani ilikuwepo, ukiiinamisha upande unaiona kwa mbali, lakini kidole hakiipati. Bibi hakunigombeza. Aliiweka kwenye mkeka pembeni yake akaendelea kuongea na wageni, na mi ile Idi yote sikula vizuri.

Baada ya kama wiki tatu ikaja mengine. Nilikuwa nimeiweka kwenye sahani chumbani kwangu, nikaona imetoa vidoa vya kijani hafifu, ungaunga, ukigusa unabaki kwenye kidole. Nikakifuta, baada ya siku chache kikarudi, na chini yake kumebaki kishimo. Hapo nikaogopa nikampigia mwalimu wangu wa kemia wa sekondari, swali lake la kwanza likawa "chumvi uliweka?"

Akanielewesha taratibu na nilichoelewa ndo hiki. Shaba iliyokaa miaka mia inajijengea ngozi, ule weusi au ukahawia, na kwenye pesa iliyochakaa mchoro mara nyingi umebaki ndani ya ngozi hiyo hiyo, ukiitoa kwa ndimu au siki umetoa na mchoro, haurudi. Birika ni kitu kingine, birika ni la kutumia na kila mwaka unalichuna, pesa ya kale huichuni. Halafu chumvi ndo mbaya zaidi manake ina kloraidi, inajificha kwenye shaba, ikipata unyevu na hewa inatengeneza asidi inayokula shaba, ikishakula inabaki pale pale kuanza upya. Na sisi tunakaa Pangani, mto huku bahari kule, unyevu usiku na mchana! Ule unga wa kijani wataalamu wanauita ugonjwa wa shaba, na ukiuona unaitenga hiyo sarafu na wenzake.

Dawa yake akaniambia ni sodiamu seskwikaboneti, nikamwambia mwalimu hiyo ntaipata wapi, akacheka akasema ndo magadi hayo hayo mnayotia kwenye maharage. Ila akanikataza ya sokoni kwa sababu hayajasafishwa yana chumvi ndani, akanichanganyia ya maabara. Nikailoweka ile pesa kwenye chupa ya glasi, kila wiki namwaga naweka mchanganyiko mpya, ikaenda hivyo miezi minne, halafu wiki kadhaa kwenye maji safi. Unga ukakoma. Mchoro ndo ule ule, umekwenda.

Zile kumi zilizobaki nilizifanya polepole mno. Maji ya betri, yale yaliyochujwa kwa mvuke, na unaponunua uliza vizuri usije ukapewa asidi ya betri. Kila sarafu kikombe chake, maji nabadilisha kila siku mbili tatu, baada ya wiki matope yanaanza kulainika yenyewe. Hapo unapitisha mswaki laini wa mtoto, bila dawa ya meno manake dawa ya meno ni msasa. Kwenye herufi nilitumia mwiba wa mndimu, mwiba ni laini kuliko shaba haukwaruzi, ukiona tope linagoma unarudisha kwenye maji unasubiri, wiki nyingine. Nyingine nilizisubiri miezi miwili. Nyingine tope halikutoka lote nikaliacha, bora tope.

Jioni moja kwenye zile mbili za Kijerumani maandishi ya Kiarabu yakaanza kutokea, nikasoma "Sharikat Almania", yaani Kampuni ya Ujerumani, na mwaka 1307 wa Hijria. Upande wa pili tai na jina la kampuni. Nilisisimka mwili, manake hiyo ndo kampuni ya Wajerumani ambayo Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani, aliinuka kupigana nayo hapa hapa Pangani mwaka 1888, Wajerumani wakamnyonga hapa hapa Desemba 1889, na pesa ya kampuni ikagongwa 1890. Na mama yake bibi aliishika, alinunulia sijui nini, akabakiza mbili.

Nilizikausha kwenye kitambaa cha pamba halafu juu ya sahani karibu na taa mpaka ziwe kavu kabisa, kila moja nikaifunga karatasi yake nyeupe. Mifuko ya nailoni laini nimeikwepa, mingine inatoa asidi na kuacha utelezi wa kijani. Siku hizi nazishika ukingoni tu, jasho la vidole nalo lina chumvi.

Idi ya mwaka uliofuata nikampelekea bibi. Nilikuwa nimetafuta kopo lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nikamweleza, akasema sawa lakini kitambaa cha mama kiingie humo humo, nikasema kitaingia. Nikamfungulia karatasi moja nikamwekea mkononi. Kidole gumba kikapita mara moja, kikarudi, kikasimama katikati.

"Hii ndiyo," akasema. "Mizani hii hapa."

Akanishika mkono akanipitishia kidole changu pale. Kisha akataka zote, akazihesabu kwa kuzigusa, kumi, akaniambia ile ya kumi na moja nikae nayo mimi. Nikazirudisha kwenye karatasi zake, nikazipanga kwenye kitambaa, na fundo akalikaza mwenyewe.