Siku Moja Maishani Mwangu: Stoo ya Oili za Helikopta, Mombasa

Nikimwambia mtu nafanya kazi uwanja wa ndege wa Moi, huuliza kama nimeshapanda ndege hadi Dubai. Nikisema niko stoo ya oili, kwenye hanga la helikopta, mazungumzo huishia hapo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko stejini Mikindani. Malori ya makontena yamejaa kuelekea Changamwe, kwa hiyo kufika mapema ni majaliwa.

Saa moja nafungua stoo, nasoma kipimo cha joto na cha unyevu, natanguliza mbele mikebe inayokaribia kuisha muda, natia saini. Unyevu ndio adui yangu. Oili ya injini za tabaini, zinazozungushwa na gesi moto, hutengenezwa kiwandani kwa kemikali iitwayo esta, na esta hunywa unyevu wa hewa. Nani asiyeijua hewa ya Mombasa? Ndiyo sababu mkebe ukifunguliwa hauhifadhiwi. Kinachobaki huenda pipa la taka, na watu wa uhasibu hunung'unika kila mwezi. Glavu sizivui. Ndani ya oili mna nyongeza iitwayo trikresili fosfeti, ambayo ni sumu, na esta yenyewe hulainisha rangi na kuvimbisha mpira wa kawaida. Meza yangu ilikuwa ya kijani. Sasa ina mabaka.

Saa mbili chai na mahamri. Fundi wetu, mzee tunayemwita Baba, ananionyesha plagi ya sumaku, ile inayonasa chembe za chuma ndani ya oili, aliyoichomoa kwenye giaboksi ya helikopta iliyo kwenye matengenezo. Kwenye ncha mna unga mweusi laini tu. Anaupangusa kwa kitambaa, anausugua kati ya vidole, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Angeona kipande kinachong'aa, helikopta hiyo isingetoka.

Saa nne ndipo siku ilipoanza kweli.

Kulikuwa na helikopta aina ya Bell 206 iliyolala hapa tangu jana jioni. Asubuhi rubani aliangalia oili ya injini, akaona imeshuka. Wakala wa mwenye helikopta akaja na mfuko wa supamaketi, ndani mikebe minne, mmoja umebonyea.

"Dada, oili tunayo wenyewe. Tuwekeeni injini na giaboksi tuondoke, wageni wanangoja Diani."

Nikasoma namba ya kiwango cha oili kwenye mkebe: DOD-PRF-85734. "Kaka, hii ni ya giaboksi. Injini haiwekwi hii."

"Imeandikwa ya helikopta. Kwani injini si ya helikopta?"

Nikamweleza, maana mtu akiuliza hujibiwa. Ndani ya injini ile kuna shafti inayozunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Panga la juu huzunguka mara 394. Zipo gia kwenye injini yenyewe, lakini kazi nzito ya mwisho ya kupunguza mwendo huo ni ya giaboksi kuu: meno yanabanana na kutelezana chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo oili yake hutiwa nyongeza za kuzuia chuma kukwaruza chuma. Kwenye injini tatizo ni joto. Oili isiyostahimili joto la beringi za tabaini huungua ikawa kaa gumu, na kaa hilo huziba vitundu vya kupitishia oili. Bell wanapendekeza 85734 kwa giaboksi kuu na ya mkiani. Kwenye injini hawairuhusu. Tena mikebe yake haikuwa na cheti wala karatasi ya batchi, kwa hiyo hata giaboksi nisingeiwekea.

"Basi wekeni yenu."

"Sawa. Iliyomo sasa ni gani?"

Wakala akamtazama rubani. Rubani akatazama angani. Logibuku, daftari la kumbukumbu za matengenezo, iko Nairobi.

Hapa ndipo watu hunichukia. Injini ile inakubali oili za viwango viwili: MIL-PRF-7808 na 23699. Ya 7808 ni nyepesi, ndiyo inayotakiwa pale baridi inaposhuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na baridi hiyo Mombasa labda uitafute kwenye friza la samaki. Tunatumia 23699. Lakini hata ndani ya 23699 kuna chapa nyingi, na sisi hatuchanganyi bila kujua iliyomo. Zikichanganywa oili za aina tofauti, mtengenezaji wa injini ameweka kikomo cha saa 5 za injini kufanya kazi. Rangi nayo haisaidii, kwani zikishatumika zote huwa za kahawia.

Tukangoja picha ya logibuku. Ya kwanza ilikuja na ukungu. Ya pili kidole kimefunika mstari wenyewe. Wakala akampigia bosi wake, akaweka spika ili nisikie: "Mwambie huyo mama oili ni oili!" Ndani ya saa tatu nimeshatoka dada nikawa mama. Nilikuwa sijala, miguu inawaka, na kila dakika mtu anagonga kaunta kwa funguo za gari. Nilijibu kwa heshima. Heshima hiyo, ndugu zangu, ingefaa iwe na marupurupu yake.

Picha ya tatu ilisomeka. Chapa ninayo.

Baba akarudi kutoka kazi nyingine, akauliza swali moja: "Mlipima saa ngapi baada ya kuzima?" Asubuhi, baada ya kulala. Akacheka. Injini hii oili yake hupimwa ndani ya dakika 15 baada ya kuzimwa, la sivyo huvuja polepole kutoka tangini ikakusanyika kwenye giaboksi ya injini, na tangi likaonyesha pungufu. Akamwambia rubani azungushe kwa stata bila kuwasha moto, sekunde 30. Oili ikapanda. Giaboksi kuu ikatazamwa kwenye kidirisha chake cha kioo cha kuonyesha oili: iko kwenye alama, haihitaji hata tone. Injini ikaongezwa chini ya nusu mkebe.

Jua lilikuwa limeshaelekea Miritini helikopta ilipoondoka. Wakala alibaki kulipa. Akaniona namimina kilichobaki kwenye pipa la taka.

"Mama, hiyo si nipe mimi?"

Nikamwandikia risiti ya mkebe mzima.