Dungu la mwembeni na ua wa jirani

Nyuma ya nyumba yetu hapa Mikanjuni, Tanga, kuna miti miwili mikubwa: mkwaju na mwembe dodo. Watoto walipoanza kudai dungu, yaani kijumba cha juu ya mti, mkwaju ulitolewa mapema, na wala si kwa sababu ya matawi. Mama yangu alisema tu, "Huko mkwajuni mna wenyewe," na katika nyumba hii hakuna anayebishana na neno hilo, mimi niliyefika chuo nikiwemo. Ukabaki mwembe.

Mwembe wenyewe ni kama uliotayarishwa. Ukipita kichwa changu kidogo, shina linagawanyika panda tatu, kila moja nene kuliko paja la mtu mzima. Fundi wa kwanza niliyemleta ni seremala wa vitanda na makabati. Aliutazama mti, akasema atauzungushia waya, apige misumari ya inchi sita kila upande, kazi imekwisha. Nikamshukuru, nikampa nauli. Mti unanenepa mwaka hadi mwaka, waya haunenepi. Chakula kinachotoka majanini kinashuka papo hapo chini ya ganda, kwa hiyo ukilibana ganda umeunyonga mti taratibu. Na msumari mmoja ni kidonda kimoja. Piga hamsini uone kuoza kutakavyoingia.

Wa pili ni mzee aliyeunda mashua maisha yake yote. Alizunguka shina mara mbili, akalipapasa, akasema, "Bosi, hiki ni chombo. Upepo ukija kinacheza. Ukikikaza pande zote, lazima kitu kivunjike, na hakitakuwa mti." Hapo nikajua nimepata mtu.

Alikuja na keekee yake ya zamani, umeme hakuutaka. Kila panda ilitobolewa tundu moja tu, ikapita bolti ya milimita 20. Boriti kuu ni mbili, za mvule, zilizotoka kwenye nyumba ya marehemu babu ilipobomolewa; mchwa walizishinda miaka yote hiyo, sitarajii waziweze leo. Ya kwanza inashika panda mbili. Ya pili inashika panda ya tatu, na upande wake mwingine umelala juu ya nguzo ya mkaratusi iliyosimamishwa kwenye zege. Ujanja uko hapa: kila boriti imekazwa upande mmoja tu. Upande wa pili tundu limerefushwa, bolti inateleza humo. Kaskazi likivuma mchana ukaweka kidole pale kwenye washa ya bolti, unaisikia boriti ikienda na kurudi. Sakafu ni mbao za msonobari zilizotiwa dawa, na pale matawi yanapoipenya tumeacha nafasi ya vidole vinne pande zote, mti upate pa kunenepea.

Binti yangu mkubwa aliuliza swali ambalo hata watu wazima huniuliza: mti ukikua, dungu litapanda juu nalo? Halipandi. Mti hurefuka kwenye ncha zake. Shina linatanuka tu. Jina nililolichonga kwenye mkanju wa shuleni kwetu nikiwa darasa la nne liko usawa uleule hadi leo, ila herufi zimepanuka, hazisomeki vizuri.

Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, walitusumbua kidogo. Mwembe wetu umejaa viota vyao, yale majani mabichi wanayoyashona kwa uzi wa mabuu wao. Shemeji yangu alishauri tupulize dawa tuwamalize. Sikukubali, kwa sababu hao ndio askari wa mti; wakulima wa korosho na nazi wanawathamini kwa kuwafukuza wadudu wanaonyonya matunda. Tulikata vitawi vyenye viota vilivyokuwa karibu na sakafu, tukapaka majivu kwenye shina upande wa ngazi, tukaachiana mipaka. Wanavuka mara mojamoja. Watoto wamejifunza kutokalia tawi bila kutazama.

Shida ya kweli ilitoka upande mwingine kabisa. Sakafu ilipokamilika, kabla ya ukuta wowote, bibi wa nyumba ya pili aliniita langoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mke, za watoto, za kazi, ndipo akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo dungu lako linatuchungulia."

Nilitaka kumwambia kwamba ni la watoto tu. Nikanyamaza, nikaenda kumwomba mke wangu apande atazame yeye, maana si mimi wa kukaa juu na kukagua ua wa watu. Akapanda, akasimama kimo cha mtoto, kisha kimo chake. "Naona kila kitu," akasema. "Mtungi, kamba ya nguo, mlango wa bafu. Hata wali wao naona kama umekauka." Ukuta wa matofali baina yetu ni wa futi sita, na sisi tulikuwa tumeupita kwa juu. Kule uani ndiko wanawake wa nyumba ile wanakopika, wanakosukana, wanakokaa vichwa wazi bila mtandio. Wamejenga ukuta kwa ajili hiyo, halafu mimi nimekwenda kujenga roshani juu yake!

Kwa hiyo aliyechora dungu hili hatimaye ni yule bibi. Upande wa kwake umezibwa kuanzia sakafuni hadi juu: makuti ya kusuka nje, mbao ndani, bila hata ufa. Madirisha yote mawili yanatazama uwanja wetu na njia ya mchanga. Ngazi, iliyokuwa ije upande wa ukuta, ikahamishwa. Tulipomaliza, bibi hakuridhika na maneno, akamtuma mjukuu wake apande akague. Kijana akakaa huko juu muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, kisha akapaza sauti: "Bibi, sioni kitu! Ila nasikia harufu ya samaki!" Tangu siku hiyo hajakosa kuwepo.

Mengine yalikwenda haraka. Vizuizi vya pembeni vimesimamishwa wima, maana vya kulala watoto huvigeuza ngazi, na kati ya kimoja na kingine hazifiki sentimita 10, kichwa cha kitinda mimba kisipite. Chini tumemwaga makumbi ya nazi kwa unene wa kutosha. Mzee wa mashua alileta kapi kuukuu la tanga, tukalifunga kamba ya katani, na kapu la mihogo na chupa ya chai linapanda lenyewe. Binti yangu aliishika ile kamba akamhubiria fundi kwamba mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, kama walivyofundishwa. Mzee akamjibu kwamba yeye anachojua ni kuwa katani ikilowa mvua inaoza, kwa hiyo iingizwe ndani kila jioni.

Bado paa. Watoto wanataka bati, kwa sababu wamekwisha kuwaza embe dodo likiliangukia usiku litakavyolia. Bibi jirani, ambaye amewaza jambo lilelile, anataka makuti. Kitinda mimba amependekeza turubai la bluu, kwa kuwa ni la bluu. Masika hayako mbali, na mzee wa mashua anasubiri jibu. Nimemwambia aniulizie bei ya makuti.