Siku Tufani alipolala uwanjani

Jana mwanangu alishika simu yangu akakutana na video ya mchezo wa ng'ombe wa Uhispania. Nguo za kumetameta, panga, mchanga umelowa damu. "Mama, na kwenu Pemba wanamuua?" Nikamjibu haraka, tena kwa maringo: kwetu hauawi, anachezwa tu, jioni anarudi zizini. Ni kweli tupu. Lakini usiku usingizi haukuja, nikawa namfikiria Tufani.

Tufani alikuwa dume la ami yangu. Jina alimpa tangu ndama, kwa kutarajia makubwa. Mwaka mzima ng'ombe yule alivuta gari la mawe na magunia, mpole hata sisi watoto tukimpanda mgongoni. Ikiingia kaskazi, karafuu za vuli zimeshauzwa na mpunga haujapandwa, ndipo watu huwa na nafasi ya kucheza ng'ombe. Mwenye dume humpeleka uwanjani, na heshima ya nyumba nzima inafuata nyuma ya kamba.

Miaka ile mifuko ilikuwa mitupu. Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, alishapanda mikarafuu yake mwenyewe ikamtosha, na bei yetu ikaanguka. Mchezo ukachezwa vivyo hivyo, kwa sababu wazee walisema ng'ombe asipochezwa mvua za masika zinanuna. Skuli mwalimu alikuwa na maelezo mengine: mchezo tumeachiwa na Wareno, waliotamba pwani hii karibu miaka 200 mpaka Waomani walipowatoa Mombasa mwaka 1698. Nilimpelekea ami habari hizo kama nimeokota dhahabu. Akatafuna tambuu yake kwanza.

"Na muhogo walileta wao," alisema. "Ushaniona mimi naomba ruhusa Ureno nikitaka kula?"

Basi siku ikafika. Uwanja ulikuwa bonde la mpunga lililokauka, upande wa Pujini, si mbali na magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala anayesimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Wauza halua ya Wete walikuwapo, wauza miwa, wauza kashata. Wanawake wamejipanga ng'ambo na kanga zao. Sisi watoto tulikuwa juu ya mwembe, mahali pa salama, tukijaza mifuko embe za watu.

Ng'ombe wa kwanza na wa pili walicheza vizuri, siwahadithii.

Akaingia Tufani na kamba ndefu ya usumba. Zumari likalia, ngoma zikajibu. Kijana akamrukia mbele na shuka jeupe, akalipepea, akakanyaga chini kwa kishindo. Tufani akamtazama. Akazungusha kichwa taratibu, nundu ikayumba, akaja mpaka kivulini chini ya mwembe wetu, akapiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akalala. Akaanza kucheua.

Mpiga zumari hakukata tamaa. Alisogea karibu, mashavu yamevimba, jasho linamchirizika mpaka kwenye kidevu, akampulizia masikioni hasa. Tufani akatikisa sikio moja kama anayefukuza nzi. Kutoka juu nilimwona inzi kweli, ametua kwenye pua yake iliyolowa, na ulimi mrefu wa kijivu ukatoka ukamfuta. Ng'ambo wanawake wakaanza kutunga papo hapo: tufani gani hili, jani halitikisiki! Mmoja anatoa, wengine wanapokea, vigelegele kila mwisho. Ami alisimama ukingoni, kofia imemwinamia usoni, mikono nyuma. Sijapata kuona mtu akijaribu vile kuonekana hayupo.

Ubeti wa tatu ulimgusa mkewe. Hapo ami alimnyang'anya kijana shuka, akapandisha kanzu mpaka magotini, akaenda kusimama mbele ya ng'ombe wake. Hakupepea. Aliinama akamwambia kitu, maneno sikuyasikia, nikaona midomo tu. Kisha akampiga usoni kwa lile shuka.

Jinsi alivyoinuka sikuona. Niliona vumbi, nikaona kamba inawaponyoka walioishika, nikasikia meza ya kashata ikipinduka, na mara tawi letu likalemea. Ami alikuwa kando yangu, kofia hana, kanzu imechanika pindoni, anahema. Mzee wa makamo yale, na mwembe wenyewe mrefu! Chini Tufani anafukua udongo kwa kwato, sasa kweli tufani, na bonde zima limepagawa kwa shangwe.

"Mzee, washuka lini?" mtu akapiga kelele.

Ami akanyoosha mkono polepole, akachuma embe, akainusa. "Nimepanda kutazama kama zimewiva."

Mchezo ule ulisemwa miaka. Masika yalikuja kwa wakati wake, na kila mwenye ng'ombe akadai ni wake aliyeyaita. Kama ami alifedheheka au alijisikia fahari, mimi hata leo nabadilisha jibu kila nikikumbuka. Nyumbani alikaa kimya, lakini barazani alikisimulia mwenyewe kile kisa, tena akiuongeza urefu wa mwembe.

Ilipokaribia Idd kubwa alimuuza Tufani kwa mchinjaji wa Wete. Alisema ni bei ya karafuu iliyomlazimisha. Mkewe alisema ni ule mwembe.