Kumbukumbu ya mradi: pete za Apollo na Soyuz zimeanza kushikana

Rangi na madirisha nimeviweka pembeni kwanza. Kwa sasa kazi yote iko kwenye kiungo, pale vyombo viwili vya anga vinapokutana. Mradi wenyewe ni mfano wa safari ya Julai 1975, Apollo ya Marekani ilipoungana na Soyuz ya Muungano wa Sovieti katikati ya Vita Baridi. Kipimo ni 1:20.

Kabla ya safari hiyo, pande zote mbili zilitumia kiungo cha mchomo na tundu: chombo kimoja kinachoma, kingine kinapokea. Vyombo viwili vyenye mchomo haviwezi kuungana, hata kama kimoja kinahitaji kuokolewa. Wahandisi, upande wa Sovieti wakiongozwa na Vladimir Syromyatnikov, wakatengeneza pete mbili zinazolingana, kila moja ikiwa na mabamba matatu ya kuongoza. Upande wowote unaweza kunyoosha pete yake na mwenzake akatulia akipokea.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: walikubaliana sura ya nje tu. Ndani, Wamarekani walifyonza kishindo cha kugongana kwa mitambo ya kimiminika, Wasovieti kwa gia na breki za umeme. Kila mmoja alibaki na ufundi wake. Nami nimeamua kufuata hivyo hivyo, ingawa kurudia mtambo mmoja pande zote ingekuwa rahisi. Upande wa Apollo una sirinji zilizojaa maji. Upande wa Soyuz una gia za printa mbovu. Nikizisukuma polepole, pete zinajipanga zenyewe hata zikija zimepinda kidogo. Nimefurahi mno.

Chumba cha kati nacho kimekamilika, kipande cha bomba la plastiki la inchi 3. Chumba halisi kilikuwa na urefu wa kama mita 3, na bila hicho safari isingewezekana. Apollo ilijaa oksijeni tupu kwa thuluthi moja hivi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, Soyuz ilikuwa na hewa kama hii tunayovuta. Mtu akivuka ghafla kutoka Soyuz kwenda Apollo, nitrojeni hutoa mapovu kwenye damu yake. Kwa hiyo Soyuz ilishusha mgandamizo hadi karibu thuluthi mbili, na wavukaji wakasubiri chumbani milango ikiwa imefungwa. Tarehe 17 Julai mlango wa mwisho ulifunguliwa, Thomas Stafford, kamanda wa Apollo, na Alexei Leonov, kamanda wa Soyuz, wakapeana mikono. Nimeweka kifuniko cha kuinuliwa ili watoto waone walikosimama.

Kinachofuata ni kubadilisha zamu. Tarehe 19 vyombo viliachana vikaungana tena, safari hii Soyuz ndiyo iliyonyoosha pete. Gia zangu ni nzito kuzungusha kwa mkono, nitajaribu mota ya trei ya deki ya DVD. Baada ya hapo ndipo nitapaka Soyuz kijani chake.