Siku moja maishani mwangu: wembe, maji na mawe ya Kyoto

Watu wakisikia nanoa nyembe wanadhani nashinda nasugua chuma kwenye jiwe toka asubuhi mpaka jioni. Kusugua kwenyewe ni sehemu ndogo tu, muda mwingi unaishia kwenye kuangalia, kufuta na kuosha. Nazungumzia zile nyembe za kukunja za vinyozi, zenye mgongo mnene na kipini kinachofunika makali, na mawe ninayomalizia ni ya asili ya Japani. Leo nimeandika siku nzima jinsi ilivyoenda.

Saa moja asubuhi
Meza kwanza. Na sio kupangusa pangusa tu. Chembe moja ya jiwe la namba 1000 (namba ikipanda chembe zinakuwa laini zaidi) ikibaki kwenye kitambaa afu ikahamia kwenye jiwe la kumalizia, mchana wote unaona mikwaruzo kwenye makali na hujui inatoka wapi. Kwa hiyo ndoo ya mawe yenye chembe kubwa ina upande wake, chupa ya maji ya kumalizia ina upande wake, na vitambaa havikutani hata kwa bahati mbaya. Afu nasawazisha mawe kwa bamba la almasi, nachora mistari ya penseli juu ya jiwe, nasugua mpaka mistari yote iishe, ukiona penseli imebaki katikati ujue jiwe limebonyea. Kwa kisu cha jikoni bonde dogo unaweza kuvumilia ila kwa wembe hapana, kwa sababu wembe unalala wote, mgongo na makali kwa pamoja, na jiwe likiwa na bonde basi makali nayo yanakula kwa mafungu.

Saa mbili
Leo ziko mbili. Mmoja wa Solingen, Ujerumani, umechongwa ubapa mpaka umekuwa mwembamba sana, ukiugusa kwa ukucha unalia. Mwingine ni wa Sheffield, Uingereza, wa zamani, mzito, ubapa haujachongwa karibu kabisa. Nauchunguza kila mmoja kwa lenzi kuanzia kisiginoni, yaani mwisho wa makali upande wa kipini, mpaka nchani kabla sijaamua chochote. Wa Solingen ni mzima, makali yamelala tu kwa kutumika. Wa Sheffield una pengo dogo karibu na ncha, na mgongo umeliwa upande mmoja zaidi, kuna mtu huko nyuma aliukandamiza sana.

Napima pia. Uzuri wa hizi nyembe ni kwamba pembe ya kunolea imo humo humo, huhitaji kuishika kwa mkono, mgongo ndo unaamua. Huu wa Solingen una upana wa milimita 17 na mgongo wa milimita 5, ukipiga hesabu unapata kama digrii 17, na hapo ni pazuri. Wa Sheffield naupa tepu mgongoni, kwanza kulinda chuma, pili tepu inaongeza pembe kidogo, karibu digrii moja, na chuma kile kizito kinaipenda.

Saa tatu mpaka saa tano
Kazi ya msingi. Napaka makali rangi ya maka peni, napitisha mara chache kwenye 1000, naangalia rangi imetoka wapi. Ikitoka juu ikabaki kule ukingoni kabisa, bado hujafika. Hapa sina haraka na hapa ndo wengi wanapokosea kwa kweli, wanakimbilia jiwe la bei mbaya la kumalizia wakati zile pande mbili za makali hazijakutana, alafu wanalaumu jiwe. Pande zikishakutana utajua, wembe unakata vinyweleo vya mkono kuanzia kisiginoni mpaka nchani bila kuchagua. Wa Solingen ulifika mapema. Wa Sheffield ulinichukua muda, pengo lile lilibidi liishe lote.

Saa tano mpaka saa saba
5000, afu 8000, mawe ya kiwandani yote. Hapa hakuna hadithi. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia, basi. Kwa vipimo vya Kijapani chembe za 1000 zinacheza kwenye mikroni 11 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na za 8000 kama mikroni 1.2, kwa hiyo ukiruka katikati unajitafutia kazi ya bure.

Nikala, nikanawa mikono vizuri, nikarudi.

Saa nane mchana
Sasa tunafika kwenye mawe yenyewe, na hapa naomba univumilie maana ndo sehemu ninayoipenda.

Mawe haya yanatoka milimani pembeni ya mji wa Kyoto. Yalianza kama tope chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, mabaki ya viumbe vidogo sana vyenye mifupa ya silika yakashuka polepole yakachanganyika na udongo mlaini, yakakandamizwa tabaka juu ya tabaka. Ndo maana yana chembe laini kiasi kile, na ndo maana yanapasuka kwa tabaka vilevile. Migodi mingi imeshafungwa, Nakayama, Ozuku, Shobudani, majina haya utayasikia kila mahali, na jiwe likiwa na muhuri wa Nakayama bei inaruka hapohapo.

Mi muhuri siuamini sana. Muhuri unapigwa kwa wino, mtu yeyote anaweza kuupiga, na hata ukiwa wa kweli unakwambia jiwe lilichimbwa wapi tu, haukwambii litafanyaje kazi kwenye chuma chako. Mawe mawili ya mgodi mmoja, tabaka moja, moja linakupa makali laini na lingine linakwaruza. Haya hayana namba kama ya kiwandani kwa sababu hakuna aliyezichuja chembe zake. Ninaloangalia ni ugumu, maana kwa wembe nataka gumu, naangalia kama lina mistari yenye uchafu mgumu inayoweza kushika makali, na naangalia tope lake. Jiwe langu la kila siku ni kipande kisicho na umbo, pembe tatu hivi, wenyewe wanaviita koppa, ni masalia ya kukatia mawe makubwa. Fundi wa visu vikubwa atakihangaikia, ila wembe ni mwembamba, unatosha kabisa.

Pembeni nimelipaka rangi ya kucha. Ndiyo, ileile ya kucha. Wajapani wanapaka lakeri, lengo ni moja, maji yasiingie kwenye tabaka kutoka ubavuni yakalipasua. Na mawe haya hayalowekwi, unanyunyizia tu maji juu.

Hapo simu ikaita ujumbe, mwenye wembe wa Solingen.

“Fundi habari za mchana, hivi wangu unaupitisha Nakayama?”

“Salama kaka. Hapana, jiwe langu halina hata muhuri.”

“Ah.”

“Utanyoa kesho, afu utaniambia.”

Hakujibu. Nikaendelea.

Saa nane na nusu
Nagura. Hivi ni vijiwe vyeupe vya Mikawa, mkoa wa Aichi, unavisugua juu ya jiwe gumu vinatoa tope na tope ndo linakata. Vinaenda kwa ngazi, botan, tenjou, mejiro, koma, wa kwanza anakata haraka na wa mwisho ni mlaini kuliko wote. Kwa kuwa nimetoka 8000 naanzia mejiro, sina haja ya botan. Tope la mejiro linakuja jeupe kama maziwa, napitisha wembe makali yakitangulia, kwa mshazari ili kisigino mpaka ncha zote zipate haki yake, uzito ni wa wembe wenyewe tu na kidole kimekaa kwa ajili ya kuongoza. Baada ya muda weupe unaanza kuingia kijivu, hicho ni chuma, jiwe linakula. Nikiona kijivu kimekolea na tope limeanza kukauka pembeni naosha kila kitu, jiwe, wembe, vidole, naingia koma.

Saa tisa
Hapa ndo kumalizia kwenyewe. Nagura za Mikawa zinawekwa pembeni, nachukua kipande kidogo cha jiwe la aina ileile ya jiwe la chini, tomonagura, natoa tope jepesi sana, nusu ya jiwe tu limefunikwa. Mipito michache. Tone la maji. Mipito. Tone lingine. Tope linapungua kidogo kidogo mpaka unabaki na maji yenye kivuli tu cha kijivu.

Na kuna kitu kinatokea hapo ambacho ukishakihisi hukisahau, wembe unaanza kunata. Mwanzoni ulikuwa unateleza juu ya tope, sasa makali yamenyooka, jiwe limenyooka, maji ni membamba katikati yake, basi vinavutana, na sauti inapungua hadi unasikia mlio mdogo tu wa maji. Ukikandamiza hapo umeharibu. Mi nalegeza mkono kabisa, nageuza wembe kwa kuzungusha mgongo bila kuunyanyua, na nikiona maji mbele ya makali yanapanda juu ya ubapa kwa mstari mmoja ulionyooka kuanzia kisigino mpaka ncha, najua makali yote yanagusa jiwe. Kama mstari umekatika mahali, pale hapagusi.

Wa Solingen mstari ulikuwa mmoja, safi. Wa Sheffield ulikatika kisiginoni, ule mgongo ulioliwa upande.

Jiwe halikuongezei ukali sana hapa, huo ukali ulishapatikana huko kwenye 1000 na 8000. Linachokupa ni wembe kupita shavuni bila kuunguza. Mawe ya kiwandani nayo yananyoa, sibishi, ila ngozi yangu ikishanyolewa na huu haitaki tena kurudi kule.

Saa kumi jioni
Ukanda wa kulainishia makali. Upande wa turubai kwanza, wa ngozi baadaye, safari hii mgongo ndo unatangulia, ukitanguliza makali umekata ukanda na umeua kazi ya siku nzima. Ukanda unavutwa ukaze na unyooke, ukilegea unaviringisha makali.

Najaribu kwa unywele mmoja, naushika kwa vidole viwili nauangushia kwenye makali sehemu kadhaa. Wa Solingen ulikata kote, kimya, bila unywele kuruka. Hata hivyo jaribio la unywele silipi imani yote, nywele za watu zinatofautiana, kwa hiyo nilinyoa shavu langu moja nao. Sabuni, maji ya moto, pembe ndogo kati ya ubapa na ngozi. Kidevuni ndo penye hukumu na kidevuni ulipita bila kuruka ruka. Nikaufuta kwa spiriti ya asilimia 70 maana unarudi kwa mtu, nikaukausha, nikapaka mafuta mepesi kwenye chuma, hasa pale kwenye pini ya kukunjia ambapo maji hujificha na kutu huanzia.

Wa Sheffield shavuni sijauweka. Katikati na nchani unakata unywele, kisiginoni unausukuma tu. Nimebandika karatasi juu yake, kesho nabadilisha tepu, kisigino nakitengea mipito yake ya kuzungusha kwenye 8000, afu unaanza upya na mejiro. Mawe nimeyasimamisha kivulini yakauke taratibu, jua linayapasua, na bamba la almasi nimelisugua kwa brashi. Mwenye wa Solingen nimemwandikia aje auchukue kesho kuanzia saa tatu.