Nilivyoutafuta muda wa mashine

Kwetu Arua, West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukisema unakimbia, mtu anakuuliza kilomita ngapi. Mwaka 2005 nilikuwa shule ya msingi, Dorcus Inzikuru aliposhinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia kule Helsinki. Tangu siku hiyo kila msichana wa West Nile mwenye miguu mirefu alionekana ni Inzikuru mwingine. Mwalimu wa michezo akaniingiza kwenye mita 1,500. Mzunguko wa kwanza ninaongoza, wa pili ninaongoza, wa tatu wananipita wote, hadi yule aliyekuja na kandambili mkononi. Hapo nikajijua: mimi ni mtu wa mzunguko mmoja.

Mita 400 wanaziita mbio fupi, lakini waulize wanaozikimbia. Ukitoka kona ya mwisho mapaja yamekuwa mazito kama uji ulioganda, mabega yamepanda hadi masikioni, na bado mstari uko mbali. Nilizipenda hivyo hivyo.

Shida ni kwamba mkate wa riadha ya Uganda uko kwenye masafa marefu. Mameneja wanaotoka Ulaya wanapanda Kapchorwa, milimani mashariki kwa wakimbiaji wa masafa marefu, na sijawahi kumwona hata mmoja akishuka Arua kutafuta msichana wa mita 400. Si kwamba hatuna historia. Judith Ayaa alileta shaba ya mita 400 kutoka Edinburgh mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Davis Kamoga alipata shaba ya Olimpiki Atlanta 1996, na mwaka uliofuata fedha ya dunia kule Athens. Lakini historia hailipi kodi ya nyumba. Kwa mkimbiaji kama mimi njia ilikuwa ile ya wengi: jeshi, magereza au polisi. John Akii-Bua mwenyewe alikuwa polisi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 400 viunzi Munich, 1972, kwa sekunde 47.82. Nikaenda polisi.

Kule Kabalye, Masindi, kwenye shule ya mafunzo ya polisi, Kiswahili changu cha sokoni Arua kilinibeba. Makuruta wengine walikuwa bado wanajifunza "nyuma geuka" ni upande gani, mimi nimeshageuka. Baada ya mafunzo nikapangiwa kambi Kampala na kupewa "mama ingia pole". Asiyeijua: ni kibanda cha bati cha duara, mlango mfupi, ukiingia kwa haraka kichwa kinakukumbusha jina lake. Usiku kinavumilika, mchana ni tanuri.

Na hapo ndipo kazi ilipogombana na mbio. Lindo la usiku linaisha asubuhi, mazoezi ni jioni, kwa hiyo kulala ni saa sita mchana ndani ya bati. Nililala kwenye mkeka chini ya mwembe, watoto wa kambi wakinirukia. Wiki tatu hivyo, msuli wa nyuma ya paja ukakaza mpaka nikawa ninachechemea. Nikaenda kwa mkuu wa kituo.

"Afande, naomba nitolewe lindo la usiku Jumanne na Alhamisi."

"Kuna nini?"

"Ni siku za spidi, afande."

"Spidi ya nini? Nani anakukimbiza?"

Ofisi nzima ikacheka. Aliyeniokoa ni sajini mmoja mama, mtu mzima, aliyekuwa anapanga faili pembeni. Bila kuinua macho akasema, "Afande, huyu mtoto atatuletea kikombe. Mpe lango la asubuhi." Nikapewa, ila kwa mdomo tu, na mara mbili kwa mwezi mtu "alisahau" na jina langu likarudi usiku.

Mwili nao ulikuwa na mambo yake. Kuna msimu nilikuwa ninakufa kwenye mita 250, kocha akidhani ni uvivu. Kumbe hedhi ilikuwa nzito na damu imepungua, nesi wa zahanati aliligundua kwa kunivuta kope la chini tu, kisha kipimo kikathibitisha. Vidonge vya madini ya chuma, maini kila nilipopata hela, dodo (mchicha) na samaki mkavu kutoka nyumbani. Miezi miwili nikarudi. Ningekuwa nimemwambia kocha mapema, lakini utaanzaje? Ni mwanaume, na anapenda kupiga kelele uwanja mzima usikie.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2020 uwanja wa taifa wa Namboole ukageuzwa mahali pa kutibu wagonjwa wa Korona, halafu ukaingia kwenye matengenezo marefu. Tukabaki na nyasi na udongo mwekundu. Nilikuwa na muda wa sekunde 53.8, na kambini kila mtu aliujua. Lakini ulikuwa muda wa mkono, kocha na saa yake. Mtu hushtuka kwanza ndiyo abonyeze, kwa hiyo saa inaanza imechelewa. Ndiyo maana muda wa mkono wa mita 400 huongezewa sekunde 0.14 ukilinganishwa na wa mashine, ile inayoanza yenyewe bunduki inapolia, na kwenye viwango vya kufuzu mashindano makubwa hautazamwi kabisa. Kwa ulimwengu wa nje nilikuwa sijawahi kukimbia.

Mashine ilikuwa Nairobi. Mwaka 2022 nikasikia kuna mashindano ya wikendi uwanja wa Nyayo. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikauza simu yangu nzuri, nikapanda basi la usiku kupitia Busia. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka mpaka, hilo tuwashukuru. Nilikaa kiti cha mwisho, miguu juu ya begi, nikila chapati na mayai niliyofunga mwenyewe.

Kwenye chumba cha kuitwa, mkaguzi akageuza spaiki zangu, viatu vya mbio vyenye misumari, akatikisa kichwa. Nilizinunua soko la Owino, Kampala, na misumari ilikuwa ile mirefu ya nyasi. Kwenye tartani, uwanja wa mpira, haitakiwi kuzidi milimita 9. "Dada, hizi zitachana uwanja." Hakuwa mkali, akanipa funguo na misumari mifupi kwenye kifuniko cha chupa. Mmoja mmoja ikatoka, kumi na moja. Wa kumi na mbili, kiatu cha kulia, ulikuwa umeshikwa na kutu. Msichana wa Kenya tuliyepangwa naye mbio moja akachuchumaa, akaushika kwa koleo la fundi wa mabango huku mimi nikizungusha kiatu. Ukakatika. Kiatu kikabaki na misumari mitano, na jina letu likaitwa.

Njia ya sita. Bloku za kuanzia za chuma halisi, zenye spika nyuma, si zile za mbao za mvule alizonichongea fundi wa kambi. Niliogopa kuanza kabla ya bunduki, maana siku hizi kosa moja tu unatoka, nikachelewa kuondoka. Mita 200 nilikuwa sawa nao. Mia ya mwisho sikuisikia miguu kabisa.

Karatasi ilipobandikwa ukutani: 54.61. Nafasi ya tano.

Kambini walishangaa. "Si ulikuwa 53 hapa? Umeenda Kenya kupunguza?" Nilieleza mkono na mashine mpaka nikachoka, hakuna aliyenielewa isipokuwa sajini mama, aliyeuliza swali moja tu: "Sasa hii inaandikwa?" Nikamwambia inaandikwa.

Mwaka uliofuata nilirudi na spaiki nyingine, misumari yote kumi na miwili. 53.72. Sikuwaza Olimpiki, Paris 2024 walitaka 50.95 ili kufuzu, na mimi najua kuhesabu. Lakini jina langu liliingia kambi ya taifa ya kupokezana vijiti, na barua ikatumwa kituoni, yenye muhuri.

Jumatatu iliyofuata nilipita ubao wa zamu kutazama lindo langu. Kwenye mstari wangu, Jumanne na Alhamisi, kwa mwandiko wa afande mwenyewe na kalamu nyekundu, pameandikwa: spidi.